Foleni Isiyo na Mkia

Nimebeba watu wengi katika maisha yangu ya udereva, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunilalamikia mwendo. Hawaulizi tumefika wapi. Hawaombi dirisha lifunguliwe. Hawashuki kuchimba dawa. Wenzangu wa mabasi wakinisikia nikisema hivi hutema mate pembeni na kubadilisha mazungumzo, nami huwacheka. Nawaambia, ninyi endesheni watu wanaogombea siti, mimi nimeshapata abiria wenye adabu. Naitwa Ambakisye, lakini jina hilo limebaki kwenye leseni; barabarani wananiita Kituo. Gari langu ni la maiti. Ni jeupe, refu, lina mapazia ya zambarau, na nimeliendesha muda mrefu kiasi kwamba sijui tena nani kamzoea mwenzake.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya Kubariki Magari. Mwaka gani, usiniulize. Huku kwetu mlimani miaka haipangi foleni. Upo mwaka jana ambao bado tunausubiri, na upo mwaka kesho ambao watu wameshauzika na kuufanyia matanga. Kuna watu wananipa shikamoo ambao nakumbuka vizuri kabisa kwamba niliwahi kuwapa shikamoo mimi. Kuna asubuhi natazama kioo cha pembeni nikamwona marehemu baba akiwa kijana kuliko mimi, ananiuliza gia ya kurudi nyuma iko wapi. Nilishaacha kushangaa. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu, nilikuwa na abiria nyuma, na abiria huyo nilikuwa nimemwahidi jambo.

Abiria alikuwa Bibi Sekelaga.

Huyu Bibi ndiye aliyekuwa akiteka maji ya baraka. Kila mwaka alishuka chemchemini, chini ya uwanja wa kubarikia magari, akapanda na ndoo kichwani, ndoo ya plastiki iliyokuwa ya rangi zamani, akaiweka mezani kwa Padri Melkiori na kusema, "Haya, Baba, kazi kwako." Padri akachovya kitawi kibichi, magari yakaanza kupita. Bila maji ya Bibi Sekelaga hakuna gari lililobarikiwa katika mlima ule. Na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda gari hata siku moja. Harufu ya petroli ilimkoroga tumbo. Ukimpa lifti anakujibu, "Asante baba, tangulia, tutakutana huko," na mara nyingi kweli mlikutana huko, kwa sababu wewe ulikwama njiani na yeye akapita kwa miguu akikupa pole.

Mwaka mmoja, nilipokuwa nafuta vioo, alikuja akapiga bodi la gari langu kwa kiganja, kama mtu anayepima tikiti maji.

"Mjukuu wangu, hili ndilo nitakalopanda?"

"Bibi, usiseme hivyo."

"Nisemeje sasa? Nitembee mpaka kaburini?" Akacheka mpaka akakohoa. "Sikiliza. Miaka yote nateka maji, magari ya watu yanamwagiwa. Siku nikipanda la kwangu, nipitishe uwanjani. Na mimi nimwagiwe nikiwa ndani, kama abiria wengine."

"Gari hili halijawahi kubarikiwa, Bibi."

"Basi siku hiyo ndiyo siku yake."

Nikamwahidi. Ahadi ya siku ya jua ni rahisi mno, jamani. Unaitoa ukiwa na kitambaa mkononi na mawazo yako yako kwenye kioo.

Lazima nieleze kwa nini gari langu halikuwa limebarikiwa, maana si kwamba nilikuwa siendi. Nilikwenda kila mwaka. Desturi ya uwanja wetu ni foleni moja: mbele basi la Mwenyekiti wa madereva, Bwana Nyagawa, kisha malori, kisha gari la maziwa na pikapu, mwisho bajaji. Padri hasogei mezani. Gari linakuja mbele yake, dereva ameshika usukani, maji yanamwagwa, sala inasomwa, uwanja mzima unaitikia amina. Sala isiyoitikiwa amina haijapanda, hilo hata wasiosali wanalijua. Kisha gari linasogea, na linalofuata linaingiza magurudumu palepale kwenye unyevu ulioachwa. Tunaita kupokeana barabara. Sasa niambie, ni dereva gani mwenye akili zake atakayetaka kupokea barabara kutoka kwa gari la maiti? Kwa hiyo nilijiweka mwisho mwenyewe, kabla ya kuambiwa.

Na hata ningekuwa wa mwisho mwenye bahati, kulikuwa na sala yenyewe. Inasema: gari hili lisikose kazi, lisikose abiria, dereva wake asikose safari. Padri Melkiori aliwahi kunisomea mwaka mmoja, kwa moyo mweupe kabisa. Alipofika "lisikose abiria" uwanja ulinyamaza mpaka nikasikia saa yake ya mkononi. Kila mtu alikuwa anajiuliza abiria hao watatoka nyumba gani. Tangu siku hiyo akawa ananipungia mkono kwa mbali maji yakiwa yameisha, "Na wewe, Kituo, Mungu anakuona," nami nikaitikia amina peke yangu. Sikuwa na kinyongo. Haki ya Mungu, sikuwa nacho. Nilikuwa nikitazama magari yale yanayong'aa kwa maji, yanapiga honi, nikasema moyoni, asante, haya yote yatapanda na kushuka mwaka mzima na huenda nisiitwe.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo juzi, au siku inayofanana na juzi, hospitali ya bondeni iliponipigia simu. Bibi Sekelaga alikuwa ameshushwa huko kwa machela, watu wanne wakipokezana, kwa kuwa gari alilikataa mpaka dakika ya mwisho. Kwenye fomu yake, mahali pa ndugu wa karibu, alikuwa ameandikisha: Ambakisye, dereva. Mimi! Sina undugu naye hata wa kuazima. Nililia pale kaunta mpaka muuguzi akaniletea kiti. Wakanikabidhi Bibi, na ile ndoo yake, ndani yake kitenge, kikombe na kandambili. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa Itagata, kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya mlima. Mazishi saa nane mchana. Na barabara ya kwenda Itagata inapita uwanjani.

Kulikuwa na shida moja tu, nayo ilitosha. Maiti haiingizwi uwanjani siku ya baraka. Ni mwiko. Ikionekana, magari hutawanyika, ndoo inamwagwa, na mwaka huo hakuna anayebarikiwa. Watu wa uwanjani walikuwa hawajapata habari za msiba, kwani simu za mlimani hukamata mtandao zinapojisikia. Nilikuwa nimepanga kufunga mapazia, kukaa kimya mkiani, kumwomba Padri matone mawili ya mwisho, na kuondoka na Bibi wangu. Sikuwa na mpango mwingine.

Ukungu ulitukuta kabla ya meza.

Ukungu wa kwetu una sheria yake, dereva anafundishwa kabla ya kufundishwa gia: ukiona taa nyekundu mbele, zifuate, usiulize. Aliye mbele anaona. Ndivyo tunavyoshuka mteremko, ndivyo tulivyoingia uwanjani. Niliona taa ndogo tatu za bajaji, nikasema, haya, huyu ndiye wa mwisho, nikakaa nyuma yake. Yeye akasogea, nikasogea. Akakata kona, nikakata kona. Tukaenda.

Abiria wangu huongea. Sisemi wanaongea kwa mdomo, wala sitaki ubishi na mtu. Nasema tu kwamba mtu akikaa nyuma yako kwa mwendo mrefu, utamsikia.

"Ambakisye, mbona tunazunguka?"

"Natafuta mkia wa foleni, Bibi. Nikae nyuma yake."

"Mh. Na huyo aliye nyuma yetu anatafuta nini?"

Nikatazama kioo. Taa mbili kubwa zilikuwa zimenisogelea. Siku ya baraka nyuma yangu hakujawahi kuwa na mtu. Nikapunguza mwendo, zikapunguza. Nikaongeza, zikaongeza.

Basi tukazunguka. Nilihesabu mara nne, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu mzunguko wa tano ulionekana kuja kabla ya wa pili. Katika ukungu ule nilianza kuwaza mambo ambayo dereva hatakiwi kuyawaza akiwa gia ya kwanza. Niliwaza, hivi anayebarikiwa pale mezani ni nani? Kama ni chuma, chuma hakijui kuogopa, na asiyeogopa abarikiwe ili iweje? Kama ni mkono ulioshika usukani, mkono huu nilionao leo si ule nilioanza nao. Ngozi imebadilika, kovu hili la feni ya injini sikuzaliwa nalo, huenda hata mkono wa dereva uliobarikiwa mwaka juzi umeshamwagika kidogo kidogo bafuni. Kama ni jina, mimi nina mawili, na Padri hajui hata moja vizuri. Na yule aliye mbele, tunayemfuata wote, nguvu yake inatoka wapi? Yeye haonekani. Zinaonekana taa zake tu. Huenda naye amekaza macho kwenye taa za mwingine, anatetemeka, anasema moyoni aliye mbele anaona. Wakubwa wote niliowahi kuwaogopa, mababu, wenyeviti, wenye mihuri, nikawaona wamepangana ndani ya ukungu ule, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake, na hakuna kichwa. Nilitaka kuogopa. Badala yake nikashikwa na huruma, kwa kuwa ilinijia kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anadanganya.

"Bibi, unadhani anayebarikiwa ni nani?"

"Wewe endesha. Unanitikisa."

Nikaendesha. Mwili wangu ulikuwa unajua kazi hiyo, na nilishukuru kuwa na kitu ninachokijua.

Upepo ulipoinuka, ukungu uliondoka wote kwa mara moja, na bajaji ya mbele ikafunga breki. Nikafunga. Nyuma yangu wakafunga. Tukatazamana. Lo! Hapakuwa na foleni. Palikuwa na duara, bampa kwa bampa, uwanja mzima, na ndani yake Padri Melkiori amesimama kwenye meza yake yenye kitambaa cheupe, ameshika kitawi, midomo wazi. Meza ilikuwa ubavuni kwa bampa langu kabisa. Na nyuma yangu, basi kubwa la kijani, alikuwa Mwenyekiti.

Nyagawa akatoa kichwa dirishani. "Kituo! Ni wewe niliyekuwa nakufuata?"

"Ni mimi, Mwenyekiti. Na mimi nilikuwa namfuata huyu wa bajaji."

"Mimi nilikuwa namfuata dada wa maziwa," akasema wa bajaji.

"Mimi lori la mbao," akasema Tusekile, dereva wa gari la maziwa, na wa mbao akasema wa saruji, na swali likazunguka uwanja mzima, gari kwa gari, mpaka likafika kwa lori lililokuwa nyuma ya Nyagawa, na dereva wake akamnyooshea kidole Nyagawa mwenyewe. "Mimi nilikufuata wewe, Mwenyekiti. Si wewe ndiye kiongozi?"

Watu walicheka, wengine mpaka wakalalia honi. Mimi pia nilicheka. Nyagawa hakucheka. Alishuka, akaja dirishani kwangu, uso umemsawijika, maana alikuwa ameshapiga hesabu ya unyevu: nikimwagiwa mimi pale, magurudumu ya kwanza kupita juu yake ni ya kwake.

"Toa gari lako. Peleka kule kwenye miti. Usubiri zamu yako kama kawaida."

"Leo sitoki, Mwenyekiti."

"Unasemaje?"

"Nasema kaka yangu, leo sitoki. Nisamehe."

"Wewe Kituo wewe! Padri atakuombea nini? Upate abiria? Abiria si ndio sisi hapa?"

Lilikuwa swali la haki, hata mimi lilinikosesha usingizi miaka mingi. Padri akaingilia kati, mikono juu.

"Jamani, jamani. Mnagombania maji yapi? Ndoo iko wapi? Bibi Sekelaga hajafika."

Hapo ndipo kila mtu alipotazama meza. Ilikuwa tupu. Tusekile akasema Bibi hajawahi kuchelewa, mwaka wa mvua kubwa alifika kabla ya Padri. Mwingine akasema atakuwa anaumwa. Mwingine akasema tumsubiri, atakuja tu, unamjua Bibi. Wakaanza kutazama njia ya chemchemi, wote, nyuso zimekunjuka, kwa namna ambayo watu humtazamia mtu anayewapenda. Nilishika usukani mpaka vidole vikaniuma.

"Waambie," akasema Bibi.

"Watatawanyika. Hutamwagiwa."

"Basi watawanyike wakijua. Mimi sijawahi kupenda kusubiriwa, na leo sitaanza."

Nikashuka. Siku ya baraka dereva aliyefika mezani hashuki. Kushuka ni kuliacha gari lako peke yake mbele ya Mungu. Nilishuka. Nikasema, "Bibi Sekelaga amefika." Wakageuka kutafuta. "Yuko wapi?" akauliza Padri. Niliweka mkono juu ya kioo chenye pazia la zambarau, nikauacha hapo.

Nyagawa alivua kofia. Kisha akaivaa tena, hasira na huzuni vikimgombania usoni. "Umeingiza maiti uwanjani, Ambakisye. Siku ya leo. Umetufanyia nini?" Nikawaeleza yote, simu, fomu, ahadi, mazishi ya saa nane. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Kabla sijamaliza, injini zilikuwa zimeanza kuwaka huku na huku. Watu walikuwa wanaondoka.

Lakini hawakuweza. Duara lina ubaya wake: hatoki mtu mpaka wa mbele yake atoke. Honi zilizunguka, huyu akimwambia yule, yule akimwambia huyu, mpaka zote zikanijia mimi, niliyekuwa nimeziba njia ya kutokea, kati ya bajaji na meza. Wote walikuwa wamefungwa na gari langu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, uwanja mzima ulikuwa unamsubiri Kituo. Ningeweza kuweka ufunguo mfukoni, nikakunja mikono, nikasema hatoki mtu hapa mpaka Bibi amwagiwe. Nakiri wazo hilo lilikuwa tamu. Lilikaa kinywani mwangu kwa muda ambao siwezi kuupima. Kisha nikamfikiria Bibi akimwagiwa maji na watu waliofungiwa, wakiitikia amina ili waachiwe waende zao, nikaona aibu.

"Nisamehe, Bibi," nikasema. "Nimeshindwa."

Nikapanda, nikamwomba Padri asogeze meza, nikawasha, nikakata usukani kutoka nje ya duara.

Tusekile akasimama mbele ya bampa langu.

Ni mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuita kutoka mto hadi mto. "Zima gari," akasema. Nikazima. Akawageukia wenzake. "Mnamkimbia nani? Mnamkimbia Bibi? Mwaka ule niliotaka kushuka na maziwa nikiwa nimetoka kuzika mume, nani alinishika goti? Aliniambia, mwanangu, goti hili linatetemeka, halijui breki ni ipi, kaa kwanza ule. Nikamfokea. Nikamwambia maziwa yataganda. Akasema yagande. Akakaa juu ya ngazi ya gari langu, kibibi kile, nikakosa namna ya kuondoka. Lori lililoshuka kwenye nafasi yangu lilikutana na maporomoko. Sijawahi kumshukuru. Kila mwaka nilisema nitamshukuru, kila mwaka nikaona aibu. Leo simkimbii."

Akaenda kwenye gari lake, akarudi na dumu la maji ya rejeta.

Asiyekuwa dereva wa mlima hatanielewa hapa. Dereva wa kwetu atakupa chakula chake, atakupa koti akabaki anatetemeka, lakini maji ya rejeta hakupi. Ndiyo uhai wake. Injini ikichemka katikati ya kupanda, dumu hilo ndilo linalomrudisha kwa watoto wake. Tusekile akaniomba ndoo. Nikamtolea ile ndoo ya Bibi, nikiwa nimetoa kitenge na kikombe na kandambili. Akamimina dumu lote. Kisha akaja yule wa bajaji, ambaye hana hata rejeta, na chupa yake ya maji ya kunywa iliyobaki nusu. Akaja wa mbao. Akaja wa saruji, analia waziwazi, anasema Bibi alimshonea kifungo. Wale waliokuwa wamewasha injini walizizima mmoja mmoja. Wakaja kina fulani na fulani ambao sikujua kama wanajua jina langu, wakimimina, wakisema asante Bibi, asante Bibi, kwa sauti ndogo, kama watu wanaopita kwenye mlango mwembamba. Nilisimama nikiwatazama na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nilikuwa nimezoea kubeba huzuni za watu. Shukrani yao ilikuwa nzito zaidi.

Padri akachungulia ndoo. "Maji yana kutu."

"Na sisi tuna kutu, Baba," akasema wa bajaji. "Bariki tu."

Nikapanda, nikashika usukani kama dereva yeyote. Padri Melkiori akachovya kitawi, akaanza sala aliyoisoma maisha yake yote. "Ee Mungu, gari hili lisikose..." Akasita. Uwanja ukasita naye. Tulikuwa tumerudi palepale. Aliangalia juu, akaangalia chini, akajikuna shingo kwa kitawi kilicholowa.

Nyuma yangu nikasikia guno, lile guno la mtu anayeona watu wazima wakishindwa kufungua kopo. "Mwambie aombe lisiwe na haraka."

"Baba," nikasema, "omba lisiwe na haraka."

Uso wa Padri ukafunguka. "Ee Mungu," akasema kwa sauti kubwa, "gari hili lisiwe na haraka na mtu. Lisiharakishe mlango wa yeyote aliyepo hapa. Lisipoitwa, lilale. Likiitwa, lifike taratibu, limpandishe mtu kwa heshima, limfikishe kwao."

Amina iliyotoka hapo sijawahi kuisikia wala sidhani nitaisikia. Ilitoka kwa watu waliokuwa wanaitaka sala ile kwa roho zao zote. Waliirudia bila kuombwa. Maji ya kutu yalipiga kioo cha mbele, yakapiga paa, na Padri akazunguka mpaka nyuma, akafungua mlango, akamnyunyizia Bibi Sekelaga pale alipolala, mara tatu, na kumwambia, "Haya, Mama. Pole na kazi." Nililia nikiwa nimeshika usukani, kwa kuwa dereva hatakiwi kuuachia. Kwa Bibi sikuwa na wasiwasi kwamba anatapika.

Kilichobaki kilikuwa unyevu. Bajaji ikanipisha, nikasogea hatua kumi, nikasimama. Ardhi nyuma yangu ilikuwa imelowa, nyeusi, na nyuma ya ardhi ile lilikuwa basi la kijani. Nyagawa alikuwa amekaa kwenye usukani wake, anaitazama ile ardhi. Angeweza kuizunguka. Nafasi ilikuwepo, na nisingemlaumu. Nilimwona akipima kwa macho kulia na kushoto. Nikatazama pembeni ili asione kwamba namwona.

Basi likanguruma. Magurudumu yake ya mbele yakaingia kwenye unyevu, polepole, yakasimama katikati. Padri akamwagia. Amina ikaitikiwa. Nikawasha gari niende Itagata, saa ilikuwa imekwenda.

Nyagawa alishuka akaja dirishani kwangu. Alikuwa ameshika kofia. Aliinama kidogo, akaegemeza mkono kwenye mlango, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya uenyekiti wake, haikuwa ya mtu niliyemjua.

"Siku yangu ikifika, utanibeba?"

"Nitakubeba, Mwenyekiti."

"Unaijua ile kona ya chini, yenye jiwe jeupe?"

"Naijua."

"Nimeipita maisha yangu yote nikiwa nimefunga meno. Abiria wanalala, mimi natoka jasho. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Ukifika pale na mimi, punguza. Hata kama sitajua tena. Punguza tu."

Nikamwambia nitapunguza.

Akanishukuru. Akasimama pale barabarani bila kofia mpaka nilipopotea kwenye kona.